Taa Nyekundu ni Mjumbe, na Mjumbe Hauawi

Wahenga wetu walitufundisha kwamba mjumbe hauawi. Walilisema neno hilo katika zama za vita na za posa, wakati habari njema na habari mbaya zilipoletwa kwa miguu. Leo twapenda kulitumia kwa mjumbe ambaye wao hawakumjua, yaani ile taa ndogo nyekundu iliyopachikwa mbele ya macho ya dereva, ambayo kazi yake yote ni kutuambia jambo moja tu: kuna kitu hakiko sawa, simama utazame. Twasikitika kusema kwamba mjumbe huyu huuawa kila siku katika gereji zetu. Fundi huyu hung'oa balbu yake, yule huukata waya wake, na wa tatu humfunika uso kwa kipande cha utepe mweusi. Kisha gari hurudishwa kwa mwenyewe naye huambiwa kwamba limepona.

Sisi wenyewe tumeyaonja matunda ya desturi hiyo. Tulikuwa abiria katika gari la michezo aina ya MGB, la mwaka 1965, likitoka Nairobi kwenda Mombasa. Mwenyewe alilitunza kama mboni ya jicho lake: rangi ilimeremeta, viti vya ngozi vilikuwa vimeshonwa upya, na magurudumu yake ya njiti yaling'arishwa hata mtu akaweza kujitazama ndani yake. Juma moja kabla ya safari, taa ya kuchaji betri ilianza kutoa wekundu hafifu wakati gari liko mwendoni. Fundi mmoja alimwambia kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo, taa zake huwaka bure, akabandika utepe juu yake.

Tulipokwisha kuuvuka Mto Tsavo, mkanda wa feni, ambao kwa siku nyingi ulikuwa umelegea na kuteleza, ukakatika. Taa iliwaka, hapana shaka, lakini iliwaka gizani chini ya utepe. Pampu ya maji, ambayo huzungushwa na mkanda ule ule, ikasimama, na maji yakaanza kuchemka. Mshale wa joto ulipanda wakati sisi tumo katika mazungumzo; na tulipokuja kuutazama ulikuwa umekwisha kuteremka tena, nasi tukashukuru. Kumbe uliteremka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha, na kile kipimo kilichozoea kuoga katika maji ya moto kilikuwa kimebaki kikavu, hakina cha kupima. Voi hatukufika. Injini ilizima porini, kichwa chake kimepinda kwa joto. Mkanda wa bei ya chakula cha mchana ulikuwa umemgharimu mwenyewe injini nzima.

Huenda msomaji akasema kwamba magari ya michezo ya zamani ni mchezo wa watu wachache wenye nafasi, na kwamba gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Twamwomba avumilie kidogo. Kwanza, magari haya ni sehemu ya historia yetu. Mwaka 1971 mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalishindwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiendesha Datsun 240Z. Na mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo likampa ushindi Shekhar Mehta, akiwa na Lofty Drews. Porsche 911 lilishika nafasi ya pili mwaka 1972, likaishika tena mwaka 1974 na mwaka 1978, bila kupata kuishinda Safari hiyo. Björn Waldegård, aliyekuwa katika gari hilo la pili la mwaka 1974, alirudi akiwa mtu mzima sana na kushinda kwa Porsche 911 mwaka 2011, katika Safari ya magari ya kale ambayo ilianzishwa mwaka 2003. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi wakiyashangilia magari hayo leo ni wazee, na baadhi yao wamelirithi au kulinunua moja wakalitia maegeshoni kwao.

Pili, na hili ndilo kubwa, somo la taa nyekundu halina tabaka. Lililolikuta MGB lile laweza kulikuta gari lo lote, la abiria au la mizigo. Tofauti ni kwamba katika gari la kale somo huonekana wazi zaidi. Magari ya siku hizi yana kompyuta. Sheria ya Marekani iliamuru kwamba kuanzia mwaka 1996 kila gari dogo jipya liwe na tundu la kuchomekea chombo kinachosoma hitilafu, na mafundi wetu vijana wamelelewa katika utaratibu huo. Gari la kale halina tundu hilo. Viwanda vingine vilivyoyaunda vimefungwa, na mafundi waliozijua nyaya zake kwa kuzipapasa wamezeeka. Kilichobaki ni taa, waya, swichi, na akili ya mtu. Twaamini hivyo vyatosha, mradi mtu akubali kuhoji kabla ya kuhukumu.

Basi tuanze na jambo lililo rahisi kuliko yote, nalo ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kabla ya kuwasha injini, zungusha ufunguo hadi mahali pa kwanza penye umeme, utulie, utazame. Katika gari lenye taa ya kuchaji na taa ya presha ya mafuta, zote mbili hazina budi kuwaka wakati huo, kwa kuwa injini imesimama: hakuna kinachochaji betri, wala hakuna presha ya mafuta. Huko kuwaka si ubovu. Ni mjumbe anayeitika jina lake. Taa isiyowaka wakati huo ndiyo ya kuogopwa, kwa maana mjumbe huyo amekufa, na siku ya hatari itakapofika hatasema neno. Dereva wengi huogopa taa inayowaka na kuifurahia isiyowaka. Sisi twasema wageuze hofu yao: taa inayowaka imekupa nafasi ya kusimama, lakini isiyowaka kabisa imekunyima nafasi hiyo.

Sasa tuitazame taa ya kuchaji yenyewe. Kwa nini huzima injini inaponguruma? Wengi hudhani kuna swichi iliyofichwa mahali. La hasha. Katika MGB lile taa imewekwa kati ya vyanzo viwili vya umeme: upande mmoja betri, na upande wa pili dainamo. Dainamo isipozunguka, umeme wa betri hupita katika taa kwenda upande mtupu, nayo huwaka. Dainamo ikizunguka na kufikia nguvu sawa na ya betri, pande mbili hulingana kama mizani, umeme haupiti tena, taa huzima. Kwa hiyo wekundu hafifu una maana yake kamili: mizani haijalingana. Huo si ugonjwa wa taa, bali ni hesabu sahihi ambayo taa inaitoa.

Mwishoni mwa mwaka 1967 MGB liliachana na dainamo likaingia katika alteneta, na hapo taa ikapewa kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Umeme mdogo unaopita katika balbu ile ndio unaoiamsha alteneta ianze kazi. Balbu ikiungua, alteneta yaweza kukataa kuchaji, au ikachelewa mpaka injini ikimbizwe sana. Basi fundi anayeing'oa balbu ili kuondoa usumbufu aweza kuwa ameizima alteneta yenyewe, na anayebadili balbu ya zamani kwa hizi za kisasa za LED, ambazo hupitisha umeme kidogo mno, aweza kuleta ubovu ambao haukuwapo. Betri hufa, mwenye gari hununua nyingine, nayo hufa vile vile. Na kisa chote ni balbu ndogo kuliko punje ya kunde.

Hatua za kuchunguza taa hii ni chache, nazo huanzia kwenye kile kisichogharimu kitu. Kwanza, zima injini, fungua boneti utazame mkanda: je, upo? Umepasuka? Ukiubonyeza kwa kidole katikati ya masafa yake marefu, usiingie zaidi ya sentimita moja na ushei. Pili, shika viungo vya nyaya nyuma ya dainamo au alteneta, na vile vya betri, uone kama vimelegea au vimeota kutu nyeupe na ya kijani. Tatu, chukua mita ya umeme uiweke kwenye betri. Betri nzima iliyotulia huonyesha volti 12.6 au karibu na hapo. Injini ikikimbia kiasi, mita yapaswa kupanda hadi baina ya 13.5 na 14.5. Ikipanda hivyo na taa ikaendelea kutoa wekundu hafifu, tafuta kiungo kibovu njiani au diodi iliyoungua ndani ya alteneta. Isipopanda, ubovu uko kwenye dainamo au alteneta, kwenye burashi zake, au kwenye kisanduku kinachoidhibiti. Na iwapo taa ya gari lenye alteneta itabaki ikiwaka hata baada ya ufunguo kutolewa, ondoa waya wa betri mara moja, maana diodi imekufa na betri itanyonywa usiku kucha.

Twaongeza tahadhari mbili kwa wenye MGB. Fundi asiyelijua gari hilo atafungua boneti aitafute betri asiione, kwa sababu hadi mwaka 1974 lilikuwa na betri mbili za volti 6 kila moja, zilizowekwa nyuma ya viti, zikiungwa pamoja. Tena, magari ya kabla ya mabadiliko ya mwaka 1967 yameunganishwa kinyume na desturi ya leo: upande wa chanya wa betri ndio ulioshikana na bodi. Atakayefunga redio au alteneta bila kulitazama hilo ataunguza chombo kipya kabla hajakimaliza kukifunga. Lakini gari hilo lina fadhila yake pia, kwamba rangi za nyaya zake zafuata utaratibu maalumu wa Kiingereza. Waya wa kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja bila fyuzi. Mweupe hupata umeme ufunguo unapozungushwa. Kijani ni ule uliopita katika fyuzi baada ya ufunguo. Mweusi hurudi kwenye bodi. Na wa kahawia wenye mstari wa njano ndio wa taa ya kuchaji. Mwenye kuzijua rangi hizi anaijua njia ya kuingia na ya kutokea.

Wenye Porsche 911 za miaka ya 1960 na 1970 nao wana sababu yao ya kuiheshimu taa hii. Injini ya gari hilo haipozwi kwa maji bali kwa upepo, na feni inayoleta upepo huo imeshikana na alteneta, mkanda mmoja ukizizungusha zote mbili. Taa ya kuchaji ikiwaka ghafla mwendoni, huenda habari yake si ya betri hata kidogo. Huenda ni habari ya kwamba mkanda umekatika, upepo umekoma, na injini inaanza kuoka. Dereva atakayesema moyoni mwake, "Betri bado ina nguvu, nitafika," atakuwa ameisoma barua ya mtu mwingine. Yampasa asimame, azime injini, aangalie mkanda.

Tunafika kwenye taa ya presha ya mafuta. Kati ya zote, hii ndiyo isiyokubali mjadala. Vyuma vinavyozunguka ndani ya injini havigusani. Hutenganishwa na utando mwembamba wa mafuta unaosukumwa na pampu. Injini ya MGB iliyo nzima na yenye joto huwa na presha ya ratili 50 hadi 80 kwa inchi ya mraba mwendoni, na ratili 10 hadi 25 inapotulia, nayo huionyesha kwa geji. Lakini katika magari mengi yenye taa badala ya geji, swichi ya taa haifanyi kazi mpaka presha ishuke karibu na ratili 5 au 7. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba taa ya mafuta haikuambii kuwa hatari yaja. Yakuambia kuwa hatari imekwisha kuingia ndani ya nyumba. Hakuna kituo cha petroli kilicho karibu kiasi cha kustahili kuendelea. Zima injini papo hapo, uliache gari lijivute lenyewe hadi kando ya barabara, na kumbuka kwamba katika magari yenye breki za kusaidiwa na injini pedeli itakuwa nzito.

Kisha chunguza kwa utaratibu. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta. Katika magari mengi mafuta hupimwa injini ikiwa imezima na gari limesimama mahali pa tambarare. Bali 911, ambalo mafuta yake hukaa katika tanki la pembeni, hupimwa injini ikiwa na moto na ikinguruma polepole, na anayelipima likiwa limezimwa na kupoa hudanganywa na kijiti. Lakini taa ikiwa imewaka njiani, asithubutu kuinguruma tena kwa ajili ya kupima tu, avute gari. Mafuta yakiwa yamepungua, tafuta yalikotokea. Yakiwa yamejaa, fuata waya wa taa hadi kwenye swichi yake ubavuni mwa injini. Ufunguo ukiwa umezungushwa bila kuwasha injini, chomoa waya huo: taa yapaswa kuzima. Uguse kwenye chuma: yapaswa kuwaka. Ikiwa taa inabaki kuwaka hata waya ukiwa umechomolewa, basi waya umechubuka mahali na kugusa bodi, na injini yaweza kuwa haina kosa. Ikiwa taa inatii, waya ni mzima, na shaka imebaki kwa swichi au kwa injini yenyewe.

Hapo ndipo mafundi wetu wengi hukosea. Husema, "Ni swichi tu," wakabadilisha swichi, taa ikazima kwa siku mbili, ikarudi. Swichi huharibika, hatukatai. Lakini neno hilo lisitamkwe kabla ya kufunga geji halisi mahali pa swichi na kuisoma presha kwa macho. Geji ikisema presha ipo, swichi na ihukumiwe. Geji ikisema haipo, basi taa ilikuwa mkweli, na aliyeiita mwongo anapaswa kuiomba radhi. Taa inayometa tu injini inapotulia baada ya safari ndefu ya joto, kisha ikazima gari likikimbia, mara nyingi yaeleza kuwa mafuta yamekuwa mepesi au beringi zimechakaa. Hiyo si amri ya kufa leo, lakini ni wito wa kujiandaa.

Taa ya breki ina tabia yake. Katika magari mengi taa hiyo hiyo hutumika kwa breki ya mkono na kwa breki za miguu. Basi swali la kwanza ni kama breki ya mkono imeshuka yote. Ikiwa imeshuka na taa ikabaki, tazama chombo cha mafuta ya breki. Mafuta hayo hayatumiki kama petroli. Yakishuka kidogo kidogo kwa miezi mingi yaweza kuwa ni kwa sababu brekipedi zimelika. Yakishuka ghafla yanavuja, na yanakovuja ndiko ajali ilikojificha. Chungulia ndani ya kila gurudumu, chini ya silinda kubwa ya breki, na kando ya pedeli ndani ya gari. Kujaza chombo na kuendelea na safari si matengenezo.

Kuanzia mwaka 1968 sheria ya Marekani ilitaka magari madogo mapya yawe na breki za njia mbili, ili njia moja ikipasuka nyingine ibaki, na taa iwepo ya kumwarifu dereva. Katika baadhi ya magari ya wakati huo hufungwa pistoni ndogo kati ya njia hizo mbili. Presha ikipungua upande mmoja, pistoni husogea ikaiwasha taa. Wakati mwingine breki hutengenezwa zikapona lakini taa ikaendelea kuwaka, kwa sababu pistoni ile haijarudi katikati. Fundi mwenye subira huirudisha. Fundi mwenye haraka huichomoa swichi, na tangu siku hiyo gari lina njia mbili za breki na hakuna wa kusema moja ikifa.

Lakini magari mengi ya michezo ya miaka ya 1960 yana njia moja tu ya breki na hayana taa hiyo kabisa. Hapo mjumbe hakuzaliwa. Bomba moja likipasuka, pedeli huanguka sakafuni na magurudumu yote manne hukosa breki ya mguu kwa pamoja. Tumezungukwa na miteremko: anayeshuka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, au anayeshuka Kitonga, ajua tunasema nini. Mwenye gari la namna hiyo awe yeye mwenyewe taa yake. Afunue chombo cha mafuta ya breki kila juma, na abonyeze pedeli kwa nguvu kabla ya kuondoka. Ikizama polepole chini ya mguu, asiondoke.

Limebaki jambo moja la kiufundi. Mara nyingine taa huchanganyikiwa zote kwa pamoja: ukiwasha taa ya kupindia, ile ya kuchaji nayo humeta; ukiwasha taa kubwa, mishale ya geji huruka. Mtu asiye na uzoefu huona magonjwa matano. Mwenye uzoefu huuona mmoja, kwa kuwa dalili nyingi zinazotokea pamoja huwa na mzizi mmoja. Aghalabu mzizi huo ni waya mweusi unaorudi kwenye bodi: umelegea, umekula kutu, au umepakwa rangi gari lilipopambwa upya. Umeme usiopata njia ya kurudi hutafuta njia ya wengine, na ndipo taa ya jirani huwaka bila kuitwa. Katika pwani yetu, ambako upepo wa bahari hula chuma usiku na mchana, twashauri kila kiungo cha bodi kifunguliwe, kisuguliwe mpaka chuma king'ae, kipakwe grisi na kufungwa tena, kabla hakijanunuliwa kifaa hata kimoja. Msasa wa shilingi chache umeponya magari mengi kuliko spea zilizoagizwa Ulaya.

Baada ya kusema hayo yote, twarudi kwa watu, maana chuma hakina hatia. Kwa wauzaji wa magari ya kale twasema hivi: kung'oa balbu ili mnunuzi asione wekundu si ujanja wa biashara, ni udanganyifu, na pale inapokuwa taa ya breki ni kuchezea roho ya mtu. Kwa wanunuzi: usitosheke na rangi inayometa. Ingia ndani, uzungushe ufunguo mwenyewe, uhesabu taa zinazowaka kabla ya injini kunguruma na zinazozima baada yake. Hesabu hiyo haichukui hata dakika moja, nayo yaweza kukuambia juu ya tabia ya muuzaji zaidi ya maneno yake yote.

Kwa ndugu zetu mafundi, ambao twawaheshimu na ambao kazi yao ni ngumu, twasema kwamba heshima ya fundi haipo katika kuzima taa, bali katika kueleza kwa nini iliwaka. Fundi na aandike katika hati ya malipo sababu aliyoiona na kitu alichokitengeneza. Akiwa hakuiona sababu, aseme hivyo, na aiache taa iwake. Mwenye gari atajua kwamba bado ana deni la kulipa, na ataendesha kwa uangalifu. Na sisi wenye magari tusiwasukume mafundi katika dhambi hii. Mara nyingi ni sisi tunaoingia gereji kwa haraka na kusema, "Niondolee hii taa." Tukiomba taa iondolewe, tusishangae ikiondolewa taa na ugonjwa ukabaki. Tujifunze kusema, "Niambie taa hii inataka nini."

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Lile gari la mwaka 1965 lilipata injini nyingine baada ya miezi mingi na fedha nyingi. Tulipata kulipanda tena hivi karibuni. Utepe umekwisha kutolewa, na alama ya gundi yake bado yaonekana kwenye dashibodi, kwa kuwa mwenyewe amekataa isifutwe. Alizungusha ufunguo, taa ikawaka nyekundu, akaitazama. Injini ikanguruma, taa ikazima, akaitazama tena. Hapo ndipo aliposhusha breki ya mkono, tukaondoka.